Mzee ana korona, kapimwa CRP, D-dima na mavipimo kibao. Hizi namba kweli zinasema atazidiwa?

Mwana wa Nkuhungu (Alhamisi, saa 3 usiku)

Wakuu habari za usiku, naombeni mawazo yenu maana hapa nimechanganyikiwa. Mzee wangu ana miaka 68, tunaishi nae hapa Nkuhungu, ana sukari na presha ya siku nyingi ila dawa anameza vizuri tu. Jumatatu alianza kukohoa na mwili kuuma, tukajua ni haya mavumbi na baridi ya Juni si mnaijua Dodoma kipindi hiki kila nyumba inakohoa. Leo nikaona homa haishuki nikampeleka kliniki moja ya binafsi (jina nalihifadhi), wakampima kile cha puani kikasoma korona. Hapo sikushtuka sana, mzee alichanja ile ya sindano moja 2021.

Kilichonishtua ni kilichofuata. Wakamtoa damu vichupa vinne, bima haikugusa kitu, nikatoa laki na themanini taslimu. Majibu: CRP 64, D-dima 0.78, feritini 512, LDH 290, kwenye FBP (picha kamili ya damu) nyutrofili 5.4 na limfosaiti 0.9. Karibu zote zimepigwa H (yaani ipo juu) kwa wino mwekundu, limfosaiti peke yake ndo ina L (ipo chini). Dokta akasema viashiria vinaonyesha mzee anaweza kuzidiwa, turudi kila siku turudie vipimo, akampa deksamethasoni na azithro (antibayotiki) tukaondoka nazo. Oksijeni ya kidoleni ilisoma 95.

Sasa mzee mwenyewe huyu hapa anakula, anaangalia taarifa ya habari na anagombana na wajukuu kuhusu rimoti. Hizo H zote ni za nini? Kuna ukweli kwamba damu inaweza kusema mtu atazidiwa kabla hajazidiwa au ndo biashara? Maana laki na themanini kila siku nitauza pikipiki.

Kaka Zabibu

Mkuu piga nyungu achana na mavipimo. 2021 nani alipimwa hiyo D sijui nini na tupo.

Damu Chupani

Pole sana mkuu na mzee apate nafuu. Mimi nipo maabara, sio daktari, kwa hiyo nitaongea ya upande wangu wa dirisha, ya matibabu watakuja wenyewe.

Kwanza sio biashara tupu. Hivyo vipimo vipo na vina maana, tatizo ni maana gani. Tuanze na CRP. Ni protini inatengenezwa na ini. Mwili ukiingia vitani kuna ujumbe unaitwa IL-6 unasafiri kwenye damu hadi kwenye ini, ini likiupata linaanza kumwaga CRP, inaanza kupanda ndani ya saa 6 hadi 8 na kilele chake ni kama siku mbili hivi. Vita ikikatika inashuka chap, kila baada ya saa 19 hivi nusu yake imeshaondoka. Hii kitu iligunduliwa 1930 huko Rockefeller, Marekani, kwa wagonjwa wa nimonia ya bakteria, na hata jina lake limetokana na huyo bakteria, sio virusi. Ndo maana inapanda kwa jino bovu, malaria, kidonda cha kisukari, baridi yabisi, chochote kile. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wa field kwamba CRP ni kama vumbi kwenye njia ya kijijini: ukiliona kwa mbali unajua kuna gari linakuja na unaweza kukisia ukubwa wake, ila kama ni Fuso la mchanga au Land Cruiser ya mkuu wa wilaya huwezi kujua mpaka lifike.

Limfosaiti ni zile chembe nyeupe zinazopambana na virusi. Korona ikikaba zinapungua kwenye damu, nyingine zinahamia kwenye mapafu, nyingine zinakufa. Nyutrofili zenyewe zinapanda. Kwa hiyo watu wanagawanya nyutrofili kwa limfosaiti, ya mzee ni 5.4 gawanya kwa 0.9 unapata 6. Mtu mzima mzima wa afya mara nyingi anacheza kwenye 1 hadi 3. Hiki ndo kiashiria cha bei rahisi kuliko vyote maana kipo ndani ya FBP tayari, mashine imeshahesabu, kalkuleta ya simu inatosha, sasa sijui kwanini watu wanakiruka wanakimbilia feritini, ile protini inayotunza madini ya chuma.

D-dima ni mabaki ya damu iliyoganda ikaanza kuyeyushwa. Korona inachokoza mishipa midogo ya mapafu damu inaganda, mabaki yanaongezeka. Lakini pia yanaongezeka kwa uzee, ujauzito, upasuaji, saratani, na kuumwa tu kwenyewe. Kichupa chake, kile cha kifuniko cha bluu, lazima damu ifike kwenye mstari, 9 kwa 1 na dawa iliyomo, ikipungua majibu yanapotoka.

LDH ndo usiniulize. Ni kimeng'enya kipo ndani ya chembe, chembe zikipasuka kinatoka. Sasa damu inachukuliwa sehemu moja, inapakiwa kwenye bodaboda, inapigwa jua na matuta mpaka ifike maabara, chembe nyekundu zimeshapasuka njiani, halafu mgonjwa anapigwa H. Nimeona sampuli nyingi zimefika rangi ya juisi ya rozela. 290 kwa kweli sio kitu cha kukukosesha usingizi.

Tabibu wa Kibaigwa

Damu Chupani kaeleza vizuri, mimi nitachukua upande wa kitandani.

Mwana wa Nkuhungu umesema oksijeni 95, hujasema mzee anapumua mara ngapi kwa dakika. Nina uhakika hawakuhesabu. Laki na themanini imeenda kwenye vichupa na kipimo cha bure hakijafanyika. Fanya hivi sasa hivi: mzee akiwa ametulia anaangalia tivi, weka saa ya simu, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima, sio sekunde 15 mara nne, na asijue unahesabu maana akijua anabadilisha. Niletee hiyo namba.

Pia nina wasiwasi na hiyo deksa. Utafiti mkubwa kabisa wa hiyo dawa kwa korona ni wa Uingereza, RECOVERY, majibu yalitoka Juni 2020. Miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10. Waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vifo vilipungua kama theluthi, waliokuwa wanapewa oksijeni vilipungua kama moja ya tano, ila ambao hawakuhitaji oksijeni HAKUNA faida iliyoonekana. Mzee ana 95 na hayupo kwenye oksijeni. Na ana sukari, deksa inapandisha sukari vibaya. Azithro nayo walioijaribu kwenye utafiti huo huo haikuokoa watu wa korona. Simwambii mtu asitishe dawa kupitia simu, nasema kesho rudi kamuulize aliyeandika: hii deksa ni ya nini wakati mzee hayupo kwenye oksijeni. Na sukari ipimwe asubuhi na jioni.

@Kaka Zabibu mzee anaehema usimfunike blanketi kwenye sufuria la maji ya moto. Nimetibu majeraha ya moto ya nyungu, sio hadithi.

Kaka Zabibu

Nimekusikia dokta, nilikuwa natania kidogo.

Binti Takwimu

Mimi nasoma takwimu hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) naomba niongeze kitu ambacho kinanikera kila nikiona hizi H nyekundu.

Ile namba maarufu ya D-dima kuvuka 1 kuwa dalili ya hatari ya kufa ilitoka Wuhan, jarida la Lancet, Machi 2020. Wagonjwa 191, wote WALIKUWA WAMELAZWA, 54 wakafa 137 wakaruhusiwa. Hakuna aliyechanjwa maana chanjo haikuwepo, na ilikuwa virusi vya mwanzo kabisa. Sasa unachukua ule mstari unaupeleka kwa mzee wa Nkuhungu aliyechanjwa anaegombania rimoti, sio kosa kuutumia ila sio saizi yake.

Halafu kuna hesabu watu hawaifanyi. Tuseme tu kwa mfano wangu, watu 1000 wana korona wapo nyumbani na 20 kati yao watazidiwa. Tuseme una kipimo kizuri kinakamata 16 kati ya hao 20, na kwa wale 980 wengine kinakosea kwa watu 20 katika kila 100 tu. Watakaopigwa H ni 16 jumlisha 196, jumla 212. Kwa hiyo ukiwa umepigwa H nafasi ya kuzidiwa ni 16 kati ya 212, kama mtu 1 kati ya 13. Kipimo hicho hicho kipeleke wodini ambako nusu ya watu wana hali mbaya, H itakuwa inasema kweli mara nyingi. Kipimo hakijabadilika, waliopimwa ndo wamebadilika.

Na kingine, Uingereza walitengeneza alama ya kukisia hatari ya kufa inaitwa 4C mwaka 2020 kwa wagonjwa zaidi ya elfu 50 waliolazwa. Jumla alama 21. CRP hata iwe juu kiasi gani inakupa alama 2 tu. Umri peke yake unaweza kukupa 7. D-dima haimo kabisa.

Damu Chupani

Binti umenipiga kwenye mshipa 😂 lakini tusizitupe. Huyo huyo RECOVERY walipojaribu tosilizumabu (dawa ya kuzuia ile IL-6) waliwachukua wenye oksijeni chini ya 92 au wanaopewa oksijeni, NA CRP ya 75 kwenda juu. Kwa hiyo wodini CRP ina kazi, inasaidia kuchagua nani apewe dawa ya bei mbaya. Na alama 2 za 4C ni alama.

Tabibu wa Kibaigwa

Wodini sikatai. Mimi nauliza swali moja tu kabla sijaandika kipimo, kikija juu nitafanya nini na kikija chini nitafanya nini. Kama ni kile kile, hela ya mgonjwa ikae mfukoni. Kwa mzee huyu, D-dima iwe 0.78 au 0.4 leo usiku angelala nyumbani na angeangaliwa pumzi.

Mwana wa Nkuhungu

Nimehesabu, ni 20. Nimerudia imekuwa 21. Asanteni sana. Hiyo ni nzuri au mbaya?

Tabibu wa Kibaigwa

Ipo kwenye mpaka, sio ya kukimbia nayo. Iandike kwenye daftari na saa. Ikifika 24 niambie, ikifika 30 usiniambie, nenda hospitali. Nunua au azima oksimita, kile kimashine cha kupima oksijeni kidoleni. Akiwa amekaa ikisoma 94 kwenda juu, mtembeze hatua 40 humo ndani halafu pima tena, ikishuka 3 au zaidi ni dalili mbaya. Akiwa amekaa tu ni 93 kushuka chini usimtembeze, mpeleke. Mikono iwe ya moto, hii baridi kidole kikiwa barafu mashine inadanganya. Na kwa sisi weusi hizi mashine zina tabia ya kusoma juu kuliko ukweli, Wamarekani waliandika hilo Desemba 2020 baada ya kulinganisha na damu ya mshipani, kwa hiyo 94 yako ichukulie kwa mashaka.

Kubwa zaidi hesabu siku. Alianza Jumatatu, leo ni siku ya 4. Korona ina tabia ya kugeuka siku ya 7 hadi ya 10, mtu anaonekana amepona halafu kifua kinabana. Vipimo vya siku ya 4 vimepiga picha kabla sherehe haijaanza.

Mama wa Selimundu

Samahani naingilia, mwanangu ana selimundu, mwaka juzi alipata mafua makali wakampima hivi hivi wakaniambia LDH na D-dima ziko juu sana nikaanza kulia pale pale kwenye benchi. Kumbe daktari wake wa siku zote akaja kuniambia mtoto wa selimundu hizo ziko juu hata akiwa mzima anacheza mpira, cha kuangalia ni zimepanda kiasi gani kutoka kwenye zake za kawaida. Tangu siku hiyo majibu yake ya siku ambazo haumwi naweka kwenye faili na kila tukienda natembea nalo. Wenye wagonjwa wa kudumu fanyeni hivyo.

Damu Chupani

Mama umesema jambo kubwa sana.

Mwana wa Nkuhungu (Jumamosi, saa 11 jioni)

Wakuu nimerudi na presha imepanda mimi sasa. Ile kliniki nilienda Ijumaa kumuuliza dokta kuhusu deksa nikaambiwa hayupo, dada wa mapokezi akasema endelea na dozi kama ilivyoandikwa, nikaendelea. Leo nikampeleka maabara nyingine ya bei nafuu wakapima tatu tu. CRP imeshuka hadi 31 nikafurahi. Nyutrofili 7.9 limfosaiti 0.7. Lakini D-dima ni 410!!! Juzi 0.78 leo 410 jamani si ndo damu yote imeganda? Mama ameshaanza kupigia simu ndugu wa Mvumi.

Damu Chupani

Mkuu tulia, mwambie mama asiite watu. Angalia baada ya hiyo 410 pameandikwaje. Kuna herufi.

Mwana wa Nkuhungu

ng/mL DDU

Damu Chupani

Na ile ya juzi?

Mwana wa Nkuhungu

mg/L FEU

Damu Chupani

Haya sikiliza. D-dima ina vizio viwili, ni kama kupima shamba kwa ekari na kwa hekta. FEU moja na DDU moja sio sawa, FEU ni kama mara mbili ya DDU. 410 DDU mara 2 ni kama 820 FEU. Sasa 820 ya ng/mL kuipeleka mg/L unagawanya kwa elfu, unapata 0.82. Juzi 0.78 leo 0.82. Na mashine mbili tofauti kutofautiana hivyo ni kawaida. Haijaenda popote. Hata sisi wenyewe wa maabara hili linatuchanganya, nimeshaona fomu imeandikwa D-dima 500 bila kizio chochote, sasa 500 ya nini? Mbuzi?

Ila hizo nyingine ndo nataka usizifurahie wala usizilie. Deksa inafukuza nyutrofili kutoka kwenye kuta za mishipa zinaingia kwenye mkondo, kwa hiyo zinaonekana nyingi, na limfosaiti inazipunguza. Ule mgawanyo umetoka 6 umekuja 11, na sehemu inaweza kuwa ni dawa tu. Deksa hiyo hiyo inashusha CRP. Kwa hiyo sasa una kimoja kinachosema ana nafuu na kingine kinachosema amezidiwa na vyote viwili vimeguswa na kidonge kimoja.

Tabibu wa Kibaigwa

Ndo maana sikupenda ile deksa. Daftari linasemaje?

Mwana wa Nkuhungu

Ijumaa asubuhi 20, jioni 22. Leo asubuhi 22, sasa hivi nimehesabu 24. Oksijeni 94, nilimtembeza ikawa 92. Leo hajagombana na mtu, rimoti kawaachia watoto.

Tabibu wa Kibaigwa

Hiyo ya rimoti naiamini kuliko CRP. 24 kutoka 20 ndani ya siku mbili, siku ya 6, na katembea kashuka. Sukari?

Mwana wa Nkuhungu

Hatujapima tangu juzi, vile vijiti vimeisha.

Tabibu wa Kibaigwa

Mkuu mpeleke hospitali leo, usisubiri kesho. Hospitali yenye oksijeni, sio kliniki. Beba na karatasi zote mbili za majibu na daftari, dawa zote weka kwenye mfuko.

Binti Takwimu

Mungu amsaidie mzee. Tupe taarifa.

Mwana wa Nkuhungu (Jumanne, saa 4 asubuhi)

Wakuu samahani kwa ukimya, simu ilikuwa inazima. Jumamosi mzee alikataa kabisa, akasema CRP imeshuka mwenyewe ameona kwenye karatasi, yaani ile karatasi ndo ikatuponza. Tukalala. Jumapili saa 9 usiku mama akaniamsha, nimehesabu 30, oksijeni 88, midomo imebadilika rangi. Tukachukua bajaji, tumefika mapokezi wakamuwekea oksijeni hapo hapo kabla hata ya kuandika jina. Sukari ilikuwa 19. Wameanzisha insulini, sindano ya tumboni ya kuzuia damu kuganda, na deksa wameendelea nayo, dokta akasema sasa ndo ina kazi.

Damu Chupani nikajua utauliza, damu walichukua, wamepima sukari, figo na FBP basi. Nikamuonyesha dokta ile D-dima ya FEU na DDU akacheka akauliza mimi nimesomea wapi. Daftari alilichukua akalisoma lote, akaliweka kwenye faili la mzee.

Damu Chupani

😂😂 Mwambie umesomea hapa. Yupo kwenye oksijeni lita ngapi?

Mwana wa Nkuhungu

Jana 5, leo asubuhi wameshusha 3, inasoma 95. Anaulizia ugali wa uwele na mlenda, nesi amekubali ila mlenda usiwe na chumvi nyingi. Nimehesabu sasa hivi akiwa amelala, 23.

Tabibu wa Kibaigwa

Hesabu tena akiamka.